Alama ya Umeme

Chombo kinapoharibika mbele ya watu, swali la kwanza aghalabu huwa ni nani aliyekishika mwisho. Swali la pili, kwamba kimeharibika nini, huja nyuma yake kwa mwendo wa pole, na mara nyingine haliji kabisa, maana jawabu la kwanza huwa limekwisha kuwashibisha waulizaji. Desturi hii ni ya kale kuliko umeme. Mtungi uliotoka tanuruni na ufa huvunjikia mkononi mwa mtoto aliyetumwa kisimani. Mtoto hupigwa, na mfinyanzi hatajwi. Jambo lililotokea Mang'ula, katika shule moja ya sekondari iliyo chini ya milima ya Udzungwa, lilikuwa la jinsi hiyo, ila mtungi wake ulikuwa kompyuta, na ufa wake ulikuwa mahali ambapo jicho halikuweza kuuona.

Kompyuta hiyo haikufanana na kompyuta. Ilikuwa bao moja la kijani, lenye ukubwa wa kadi ya benki, juu yake vipande vyeusi vimepangwa kama nyumba za mji mdogo unaotazamwa kutoka mlimani, na pembeni matundu ya chuma ya kuchomekea nyaya. Haikuwa na kioo, wala kibodi, wala betri, wala hata kitufe cha kuiwashia: ikipata umeme huamka, ikiukosa hufa. Watu walioiona mara ya kwanza waliuliza sehemu iliyobaki iko wapi. Jina lake ni Raspberry Pi, na asili yake ni Cambridge, Uingereza, ambako Eben Upton na wenzake waliona kwamba vijana waliokuja chuo kikuu kusoma elimu ya kompyuta walikuwa hawajapata kuijua kompyuta kwa ndani, wakaazimia kuunda moja ya bei ndogo ambayo mtoto angeweza kuichokonoa pasipo wazazi wake kuingiwa na hofu. Ya kwanza iliuzwa tarehe 29 Februari 2012, kwa dola 35 za Marekani. Ya Mang'ula ilikuwa ya kizazi cha nne, kilichotoka Juni 2019.

Afrika Mashariki iliipokea kompyuta hii kwa sababu iliyo mbali kidogo na hiyo ya Cambridge. Huku ilipendwa kwa ulaji wake. Ikiwa imetulia hula wati 3 hivi, na ikifanya kazi nzito wati 6 au 7, chakula ambacho paneli ya sola ya kiasi inaweza kukitoa. Katika shule za sekondari za Karatu shirika la Powering Potential liliziweka kompyuta za namna hii, zikiendeshwa kwa nguvu za jua, zimebeba maktaba isiyohitaji intaneti. Maktaba ya Mang'ula ilikuwa na nia hiyo hiyo kwa njia ya kimaskini zaidi: kompyuta moja, diski moja ya nje iliyojaa masomo ya video pamoja na Wikipedia ya Kiswahili, na televisheni kuukuu iliyotolewa sadaka kuwa kioo chake. Chaja iliyokuja na kompyuta ilikuwa imepotea wakati wa likizo, nayo ilikuwa imenunuliwa nyingine ya simu, na waya wake mrefu, ili bao likae juu ya kabati mbali na mikono.

Yafaa msomaji asidhani kwamba Mang'ula ni mahali pageni kwa mashine. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina baina ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, hupita hapo, na siku za ujenzi Mang'ula ilikuwa kambi kubwa yenye karakana ya vyuma ambamo vijana wengi wa bonde walijifunza ufundi. Wala si mahali pasipojua umeme. Upande wa kaskazini maji ya Ruaha Mkuu yamekuwa yakizungusha mitambo ya Kidatu tangu mwaka 1975, na uwezo wa kituo hicho ni megawati 204. Upande wa kusini-magharibi iko Kihansi yenye megawati 180. Na mito yote ya bonde huishia Rufiji, ambako bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Kwa hesabu hiyo watu wa Kilombero wamelala juu ya godoro la umeme. Walakini jioni, saa za kupika na kutazama habari, taa za nyumba nyingi hupungua nuru, feni huzunguka kwa uvivu, na watu husema kwamba umeme ni mdogo. Usemi huo una ukweli ndani yake, na kwa sababu una ukweli hutumiwa kueleza hata mambo usiyohusika nayo.

Chumba cha maktaba kilitunzwa na binti wa kidato cha tatu, mtoto wa mkulima wa mpunga. Alifungua mlango baada ya vipindi, akawasha, akazima, akafuta vumbi, na katika daftari la kurasa za mraba aliandika tarehe, idadi ya waliokuja, na lolote lililotokea. Hakuna aliyemwagiza kuandika. Jumatatu moja ya mwezi wa Julai, chumba kimejaa wanafunzi waliokuja kutazama somo la moyo wa binadamu, aliichomeka diski. Picha ikatetemeka, ikakatika, na televisheni ikatangaza kwamba haipokei kitu. Akachomoa umeme, akauchomeka tena. Rangi za upinde wa mvua zikaonekana kwa nukta moja, zikapotea, zikarudi, zikapotea. Kisha giza.

"Umeiunguza!" mmoja akasema.

Neno hilo lilitamkwa mara moja, likatosha. Kufikia Jumatano lilikuwa limekwisha kuwa habari ya shule nzima, na kufikia Ijumaa lilikuwa shauri la ofisini. Mashahidi walikuwa wengi, wote wakweli, na wote walikuwa wameona jambo moja: alichomeka kitu, kompyuta ikafa. Ikaamuliwa kwamba mzazi alipe bei ya chombo kabla ya mwisho wa mwezi, na binti aondolewe katika utunzaji wa chumba. Baba yake aliitwa. Hakubisha, wala hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza bei, akairudia kwa sauti ya chini ili aikariri, akapanda baiskeli yake akaenda. Ulikuwa msimu ambao mpunga umekwisha vunwa, maghala yamejaa, na bei iko chini kuliko wakati wowote wa mwaka.

Mwalimu wa fizikia hakuridhika. Alikuwa ameona taa nyekundu ya bao ikiwaka, na aliamini kwamba kilichoungua aghalabu hakina adabu ya kuwasha taa. Basi aliomba apewe siku chache, akaanza upande ambao kila mtu angeanza, yaani upande wa kioo, kwa kuwa ndiko giza lilikoonekana.

Huko alikuta makosa ya kweli. Bao la kizazi cha nne lina matundu mawili madogo ya HDMI, na kioo kikiwa kimoja chapaswa kuunganishwa kwenye lile lililo karibu zaidi na tundu la umeme, ndilo la kwanza kwa hesabu ya kompyuta. Waya ulikuwa kwenye la pili. Akauhamisha, picha ikaja, naye akafurahi kwa muda wa dakika ishirini. Picha ikapotea tena. Kisha akatambua kwamba baina ya kompyuta na televisheni kuna maamkizi: kompyuta inapoamka hupiga hodi, televisheni hujibu na kutaja ukubwa wa picha inayoweza kuipokea. Televisheni ikiwa bado imezimwa, hodi haina mwenyeji wa kuiitikia, na kompyuta yaweza kuendelea na kazi zake bila kupeleka picha popote, hata kama kioo kitawashwa baadaye. Dawa yake ni kuwasha kioo kwanza, ama kuitoa kadi ya kumbukumbu, kuiweka katika kompyuta nyingine, kufungua faili liitwalo config.txt na kuandika humo mstari huu: hdmi_force_hotplug=1. Mstari huo huiambia kompyuta ipeleke picha hata kama haikuitikiwa. Programu ya shule ilikuwa ya zamani, ikautii. Katika matoleo yaliyotoka tangu mwishoni mwa mwaka 2021 mstari huo hauna nguvu tena. Amri ya kulazimisha picha huandikwa katika faili jingine, cmdline.txt, kwa maneno kama video=HDMI-A-1:1920x1080@60D, yote katika mstari mmoja pamoja na yaliyomo. Watu wengi hupoteza siku nzima kwa kufuata maelekezo ya miaka iliyopita katika chombo cha mwaka huu.

Mwalimu alifanya hayo, na picha ikaja safi. Akaichomeka diski. Giza.

Hapa pana jambo gumu katika kutafuta kosa la chombo. Kama dawa zake za kwanza zingeshindwa kabisa angeziacha mapema. Lakini kila moja ilileta nafuu kidogo, kwa kuwa kila moja ilitibu kosa lililokuwapo hasa, na nafuu hiyo ikamshika mkono ikamrudisha tena na tena kwenye kioo. Magonjwa mawili yalikuwa yamelala kitanda kimoja, na dogo ndilo lililokuwa likipiga kelele.

Mwishowe aligeukia umeme. Alitwaa mita ya maabara akapima ukutani jioni, akapata volti 190 badala ya 230. Waliokuwa karibu wakasema, si hivyo tu, umeme ni mdogo! Naye nusura akubali, ila alisoma maandishi madogo mgongoni mwa chaja: hupokea volti 100 hadi 240. Kwa chaja ya namna hiyo 190 ni shibe. Akapima basi mdomo wa chaja wenyewe, akapata volti 5.1, hesabu ile ile ambayo watengenezaji wa kompyuta wanaitaka. Ukutani pazuri, chaja nzuri, kioo kizuri. Kilichosalia ni bao, na kama bao lilikuwa limeharibika, basi lilikuwa limeharibika Jumatatu, diski ilipochomekwa, kwa mkono wa aliyeichomeka. Mtu aliyeanza kazi ili amtetee mtoto alijikuta, kwa njia ya uaminifu na kwa vipimo sahihi, amefika mlangoni pa kumtia hatiani.

Kabla ya kuandika taarifa yake alikwenda kwa mzee mmoja aliyefanya kazi katika karakana ya Mang'ula ujanani, na ambaye baada ya kustaafu alitengeneza redio, pampu na sola za majirani barazani kwake. Binti alifuatana naye akibeba kisanduku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Na wewe mjukuu wangu, hujambo?"

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Haya, nipe habari ya huyo mgonjwa."

Mwalimu akasimulia yote kwa taratibu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila ya kukigusa kisanduku.

"Hiyo tano na kidogo uliipimia wapi?"

"Kwenye chaja yenyewe, mzee."

"Wakati huo ilikuwa imebeba nini?"

Mwalimu akanyamaza. Haikuwa imebeba kitu.

"Karakana," mzee akasema, "tulikuwa na kamba ya kunyanyulia vyuma. Ukiitazama imening'inia, hungeiona kasoro. Aliyetufundisha alikataa tusiipime ikiwa imening'inia."

Bao lina pini 40 katika safu mbili. Ya pili hubeba volti 5 zinazoingia, ya sita ni ya ardhi, na hapo ndipo umeme hupimwa ukiwa umekwisha fika, baada ya safari yake yote. Lakini jirani ya ile ya pili iko ya kwanza, ya volti 3.3, na ncha ya mita ikiteleza ikazigusa zote mbili kwa pamoja, bao hufa kifo ambacho hakina ubishi. Mzee alizifunga ncha za mita kwa utepe mweusi mpaka ikabaki nukta ya chuma, akamwambia binti ashike tochi na asome hesabu kwa sauti, kwa kuwa macho yake mwenyewe hayakuwa ya kutegemewa tena. Kompyuta imewashwa, imetulia, binti akasoma 4.9. Video ikachezeshwa kutoka kwenye kadi: 4.7, 4.6, 4.7. Mzee akamwashiria Mwalimu achomeke diski. Binti akasoma 4.5, na kabla hajasoma tena taa nyekundu ikazimika na televisheni ndogo ya barazani ikawa giza. Diski ikachomolewa, baada ya kitambo kompyuta ikaamka. Walirudia mara tatu. Katika mara ya tatu mzee alichomeka diski kwa mkono wake mwenyewe, na matokeo yakawa yale yale.

Siri ilikuwa katika waya. Kila waya huupinga umeme kwa kiasi, na upotevu wa volti ni ukinzani wa waya ukizidishwa kwa ampea zinazopita ndani yake. Georg Ohm wa Ujerumani aliitangaza kanuni hiyo mwaka 1827, na wanafunzi wa Mwalimu waliiimba kila mwaka katika mtihani. Tuseme waya una ukinzani wa ohmu 0.3, kwenda na kurudi. Pasipo mzigo hakuna kinachopita, na hakuna kinachopotea. Mita husoma 5.1. Kompyuta ikiwa imetulia huvuta ampea 0.6 hivi, na volti zinazopotea ni 0.18, zinazofika ni 4.92, na mambo ni salama. Kompyuta ikicheza video huku diski ya nje ikianza kuzunguka, ampea hufika 2, upotevu hufika volti 0.6, na zinazofika ni 4.5. Bao hili limewekewa mpaka wa volti 4.63. Chini ya hapo hupunguza mwendo wake ili kujinusuru, taa nyekundu hupepesa au huzimika, na upungufu ukizidi huanguka, na kwa kuwa kuanguka kwenyewe kunautua mzigo, umeme hupanda tena, kompyuta huamka, huonyesha upinde wa mvua, hubeba mzigo, huanguka. Hicho ndicho kilichoonekana Jumatatu ile kikaitwa kuungua.

Lakini waya huo haukuwa mwovu kwa kila mtu. Simu zilikuwa zimechajiwa kwao kwa miezi bila ya lawama. Simu ina betri ndani yake. Ikipewa umeme kwa kijiko hukubali kijiko, hujaza polepole usiku kucha, na mwenye simu haoni kitu. Kompyuta ya bao moja haina ghala. Hula kinachofika kwa wakati kinapofika, na nusu ya volti ikikosekana kwa sehemu ndogo ya nukta hana wa kumkopa. Tena waya wa namna hii hujificha vizuri: nje una unene wa plastiki wa kuheshimika, na ndani nyuzi za shaba nyembamba kama nywele, na kadiri unavyokuwa mrefu ndivyo unavyopinga. Yule aliyetaka bao likae mbali na mikono ya watoto aliuongeza urefu wa waya, na kwa urefu huo akauongeza upungufu.

Wakati mzee akikunja utepe, binti aliuliza jambo ambalo lilikuwa limemkaa moyoni.

"Babu, na ile alama ya umeme pale juu ilikuwa na maana gani?"

"Alama gani?"

Akafungua daftari. Katika kurasa za wiki tatu kabla ya Jumatatu ile, kwa mwandiko ule ule wa unyenyekevu, aliandika mara tano kwamba alama ya umeme imeonekana pembeni mwa kioo upande wa kulia juu, na mbele yake akaandika: inachaji vizuri. Mwalimu alilisoma neno hilo mara mbili. Ile ni alama ambayo kompyuta huionyesha volti zinaposhuka chini ya mpaka. Umbo lake ni la radi ya manjano, na katika simu ya kila mtu Mang'ula umbo hilo hilo humaanisha kwamba umeme unaingia na mambo ni mema.

Mtu wa lugha huweza kusimama hapa kidogo. Neno umeme, kabla ya kuwa jina la kitu kinacholipiwa, lilikuwa jina la mmeto wa mbinguni, ule unaotangulia ngurumo. Wazee walilitwaa wakalipa kazi mpya nyaya zilipofika, wakati Wakenya wengi walichukua stima, yaani mvuke wa Waingereza, kwa maana hiyo hiyo. Binti basi aliiona picha ya umeme akaisoma umeme. Hakukosea kusoma. Waliochora alama walitaka kusema umeme haupo wa kutosha, wakachora umeme, wakadhani kwamba ukosefu wa kitu waweza kuchorwa kwa picha ya kitu chenyewe. Tena onyo hilo waliliweka kioani, na upungufu ukizidi kioo ndicho kinachotangulia kuzimika, hivyo onyo huonekana tu wakati ambapo hatari bado haijafika.

Kwa daftari hilo hesabu za mzee zilipata tarehe. Upungufu ulikuwapo wiki tatu kabla ya diski kuchomekwa. Mwalimu aliongeza ushahidi mmoja zaidi kutoka katika kinywa cha kompyuta yenyewe: alichezesha video pasipo diski mpaka radi ikaonekana, akaisimamisha, akaandika amri ya vcgencmd get_throttled, na jawabu likawa 0x50000. Tafsiri yake ni kwamba kwa wakati huu hakuna upungufu, lakini tangu chombo kilipowashwa umepata kutokea, na mwendo umepata kupunguzwa. Kompyuta hukumbuka. Ila ukiizima husahau, na watu wanaohangaika huanza kwa kuizima.

Kwa ajili ya haki yapasa kusemwa kwamba si kila kosa la umeme katika mabao haya hutoka kwa mnunuzi. Kizazi hicho cha nne kilipotoka mwaka 2019, wahandisi wake walitumia rizista moja mahali palipotakiwa mbili, na nyaya fulani za bei kubwa, zenye akili ndani yake, zikakataa kabisa kukipa umeme kwa kukidhani kuwa chombo cha sauti. Watengenezaji walikiri, wakasahihisha mabao yaliyofuata. Waya wa Mang'ula haukuwa na akili ya kukataa kitu.

Chaja ya kufaa ililetwa kutoka Dar es Salaam kwa basi: volti 5.1, ampea 3, na waya wake mfupi mnene usiochomoka. Diski ilipewa umeme wake peke yake kwa njia ya kigawanyio chenye chaja, kwa kuwa matundu ya USB ya bao zima hayawezi kutoa zaidi ya ampea 1.2 kwa jumla. Kompyuta ikahamia chini, mezani, karibu na ukuta. Mzee alikuja kwa miguu kuipima. Binti akasoma: diski imechomekwa, video inacheza, 5.0. Amri ile ile ikajibu 0x0. Mzee aliuomba ule waya wa zamani akauzungusha kiganjani akautia mfukoni, akisema simu yake haina haraka.

Mkuu wa shule alisoma taarifa ya Mwalimu paredini Jumatatu iliyofuata, tangu mwanzo hadi mwisho, hesabu na yote, na wanafunzi waliokuwa mashahidi waliisikiliza wakitazama chini. Binti akarudishiwa ufunguo.

Baba yake alifika siku hiyo hiyo adhuhuri. Alikuwa hajapata habari. Alikuwa amekuja na pesa, zimefungwa katika leso, na mikono yake ilikuwa bado na vumbi la magunia. Mpunga ulikuwa umeondoka alfajiri kwa lori la mnunuzi, magunia matano kwa bei ya Julai, na saa hiyo lori lilikuwa limekwisha kupita Kidatu. Mwalimu alimkalisha, akamweleza mambo ya volti kwa mfano wa mfereji wa shamba ambao maji hutoka mtoni mengi yakafika majarubani machache, na baba alielewa upesi kuliko wengi walioelezwa kabla yake. Akairudisha leso mfukoni bila kuifungua. Kisha akauliza, pasipo hasira, kama mtu anayeulizia njia:

"Na ule waya, Mwalimu, nani aliununua?"

"Mimi," akasema Mwalimu.

Baba alitikisa kichwa kwa kuafiki, akaaga, akatoka kuitafuta baiskeli yake.